Dresa Aliyenituma Kusomea Ukunga

Mtu akienda kwa Dresa kumwambia kwamba anataka kazi ya hospitali, hakuulizwa amefika darasa la ngapi. Alipewa ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa na bendeji za wiki nzima, zimeshikana kwa usaha uliokauka, maana miaka ile ya hamsini bendeji hazikutupwa. Zilifuliwa, zikachemshwa, zikaanikwa kwenye kamba nyuma ya zahanati, kisha zikakunjwa upya. Dresa alimwonyesha mgeni wake njia ya kisimani na kumwambia, "Ukimaliza, njoo tuzungumze." Wengi hawakurudi kuzungumza. Waliitelekeza ndoo kisimani, na jioni Dresa mwenyewe alikwenda kuichukua, bila kinyongo, akisema, "Huyu alitaka shati jeupe. Mashati meupe yapo dukani."

Zahanati yetu ilikuwa Mpimbwe, nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba viwili na baraza, mbele yake mashamba ya mpunga mpaka jicho linapochoka. Hospitali yenye daktari ilikuwa Mpanda, safari ya siku nzima kwa lori wakati wa kiangazi. Wakati wa masika hakuna aliyejua ni siku ngapi. Kati yetu na daktari alikuwepo Dresa peke yake. Tulimwita hivyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake: kuosha na kufunga vidonda, kugawa kwinini, kuchoma sindano za buba. Jina alilopewa na wazazi wake liliandikwa kwenye barua za serikali tu. Hata mkewe alimwita Dresa.

Alikuwa Mwislamu kutoka upande wa ziwani, akaishi katikati ya Wakatoliki sisi kama aliyezaliwa hapo. Ijumaa alivaa kanzu iliyonyooshwa. Krismasi alikuja kanisani, akakaa benchi la nyuma kabisa kusikiliza kwaya. Watu walisema huyu karibu atabatizwa. Siku moja baada ya misa alimfuata baba yangu, ambaye alikuwa katekista, akamwambia kwa sauti ya chini, "Katekista, wanne wanakohoa vibaya. Wawili upande wa wanaume, wawili kwenye kwaya. Waambie waje kesho asubuhi." Kumbe kwaya haikuwa imemleta yeye. Alikuwa amekuja mahali ambapo angeweza kuwasikia watu mia wakivuta pumzi pamoja.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na majivuno ya kaptula yake ya kaki na soksi ndefu, na mgonjwa akizipaka matope alikiona. Aliwafokea akina mama waliochelewa kuleta watoto, mpaka wengine wakachelewa zaidi kwa kuogopa kufokewa. Alihubiri kila Jumatatu kwamba maji ya kunywa yachemshwe, na mimi kwa macho yangu nimemwona akichota kata mtungini na kunywa maji ya kisima kama yalivyo. Nilipomuuliza, alijibu, "Mimi nafundisha. Sikusema nafuata." Na sindano alizichoma kwa mamia lakini yake mwenyewe aliiogopa. Daktari wa Mpanda alipokuja kwenye ziara akamkuta na jipu begani, ilibidi jumbe wa kijiji amshike mikono, na kelele alizopiga zilisikika shuleni. Watoto waliimba habari hiyo mwezi mzima. Alipita katikati yao bila kugeuza shingo.

Mimi nilifika kwake kwa ajili ya mguu wa mama yangu. Mama alikuwa na kidonda juu ya kifundo ambacho kilikuwa kimegoma kupona, na kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la nane kwa masista na niko nyumbani nasubiri kwenda chuo cha ualimu, kazi ya kumsindikiza ilikuwa yangu. Nilimwangalia Dresa anavyofungua kidonda. Hakuvuta kitambaa. Alikilowesha kwa maji ya chumvi, akangoja, akaongea na mama habari za mbegu za mpunga, akalowesha tena, mpaka kitambaa kikaachia chenyewe. Siku ya tano nikamwambia nami nataka kazi hii.

Akanipa ndoo.

Nilifua nikarudi. Aliinua bendeji moja moja juani, akazigawa mafungu mawili. "Hizi rudia." Nikarudia. "Hizi rudia." Mara ya tatu akavuta kigoda akaniambia nikae.

"Kazi hii si ya wasichana," alisema.

"Kwa nini, Dresa?"

"Msichana anasoma miaka mitatu, anaolewa, mume anamfungia ndani na mafunzo yake yote."

"Na wewe ukihamishwa kesho, utatuachia mafunzo yako?"

Alicheka mpaka akavua kofia. Kuanzia siku hiyo nilikwenda asubuhi kumsaidia, ila msimamo wake haukubadilika. Kila msichana aliyepita pale alimsikia akisema hivyo hivyo, mimi nikiwa nimesimama kando yake na mkasi mkononi.

Alikuwa na namna yake ya kushauri watu juu ya mafunzo. Hakuuliza unapenda nini. Binamu yangu alikuwa ameniandikia kwamba kambi moja ya wafanyakazi ina hospitali yake na inatafuta wasichana wa wodini, unaanza mara moja, unapewa sare na viatu. Barua hiyo nilikuwa nailalia. Nilipomwonyesha Dresa, aliisoma mara mbili, akanirudishia.

"Ukimaliza wanakupa karatasi gani?"

"Hawakusema."

"Waulize. Waulize na nani atakufundisha, na kitu gani utaruhusiwa kufanya kwa mkono wako mwenyewe bila kuita mtu. Usiwaulize kingine."

Niliandika. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, la heshima kabisa: kazi ipo, mafunzo hakuna, cheti hakuna. Dresa alitikisa kichwa. "Si kazi mbaya. Ila siku ukiondoka pale utaondoka na viatu."

Basi nikabaki na ualimu. Nafasi ilikuwa yangu, masista walikuwa wameshaahidi na baba alikuwa ameshawashukuru. Sikuwa na huzuni. Ualimu ulikuwa kazi nzuri, na mpaka leo sijui kama ningekuwa mwalimu mbaya.

Masika ya mwaka ule, Paskalia, jirani yetu aliyekuwa amenizidi miaka miwili tu, alishikwa na uchungu. Siku ya kwanza ikapita. Asubuhi ya siku ya pili mumewe alikuja mbio zahanati. Dresa alichukua mkoba wake, akaniambia nimfuate.

Mlangoni alisimama mama mkwe wa Paskalia, mikono ameitandaza huku na huku. "Mwanaume haingii hapa."

"Mama, mimi ni Dresa."

"Najua wewe ni nani. Haingii mwanaume."

Nilitazamia afoke kama alivyofoka kila siku. Hakufoka. Alitazama ule mlango kwa muda, akaweka mkoba chini, akakaa juu ya kinu kilicholazwa ukutani. Halafu akanitazama mimi. "Huyu je?"

Mama mkwe alisita. Nilikuwa sijaolewa, sikutakiwa kuwa pale. Lakini ndani Paskalia alimlilia mama yake, "Mayo! Mayo!", na yule mama akashusha mkono mmoja.

Niliingia. Kulikuwa na mkunga wetu wa kijiji, bibi mwenye mikono mizuri aliyenipokea hata mimi duniani, naye alikuwa amechoka na hana la kufanya. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, na Dresa aliongea kupitia hapo. Sauti yake ilikuwa tulivu kana kwamba anauliza bei ya chumvi.

"Weka viganja juu ya tumbo. Kitu kigumu cha mviringo kiko wapi? Juu au chini?"

Nilipapasa. "Si juu. Si chini. Kiko ubavuni, Dresa."

"Angalia chini. Unaona nini?"

Niliangalia. Ulikuwa umetoka mkono. Mkono mdogo mpaka kwenye kiwiko, wa rangi ya bluu, vidole vimekunjika. Nilimwambia. Kwa nyuma ya ukuta nilimsikia akisimama.

"Usiuvute. Mwambie bibi asiuvute. Huyu ni wa Mpanda."

Wanaume walifunga machela ya fito na mablanketi, wakambeba Paskalia mpaka barabarani, tukapata lori la mchele. Dresa alikaa nyuma pamoja nasi juu ya magunia, ameshika turubai juu ya kichwa cha Paskalia, na njiani hakuna aliyekumbuka kwamba yeye ni mwanaume. Sitalike tuliukuta mto umepita juu ya daraja. Tulingoja maji yashuke kutoka saa nane mchana mpaka kesho yake asubuhi. Wakati wote huo Dresa alimnywesha maji kwa kijiko, akamhesabia mapigo, na kila nilipomuuliza tufanye nini kingine alisema, "Hakuna ninachojua kingine." Alisema hivyo mara nyingi, kwa sauti ile ile.

Paskalia alipona. Daktari alimfanyia upasuaji mchana uleule tulipofika. Mtoto alikuwa ameshakufa, labda tangu mtoni, labda kabla.

Pale hospitali palikuwa na mkunga aliyesomea, mwanamke wa Kinyamwezi mwenye sauti nzito. Alinikuta nimekaa nje ya wodi na nguo zenye damu, akanipa chai, akaniuliza kilichotokea. Nilimweleza vyote, kiganja, ubavu, mkono. Alisikiliza kisha akasema, "Mtoto aliyelala kikingama hivyo anajulikana kabla ya uchungu. Ungempapasa mama yake wiki chache kabla, ungemleta hapa kwa miguu yake."

"Mimi sikujua kupapasa."

"Hapana. Hukujua."

Hakusema kwa kunilaumu. Lakini niliirudia ile sentensi njia nzima ya kurudi.

Siku tatu baadaye Dresa alikuja nyumbani kwetu, jua likiwa bado juu, amevaa kanzu ingawa haikuwa Ijumaa. Baba alimtolea kiti. Waliongea mvua, wakaongea Paskalia. Ndipo Dresa akasema, "Katekista, nimekuja kuharibu mpango wako."

"Mpango upi, Bwana Dresa?"

"Wa binti huyu kwenda ualimu. Nataka akasomee uuguzi na ukunga."

Baba hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa hivyo. "Wewe mwenyewe nimekusikia ukisema kazi ile si ya wasichana."

"Nimesema. Nimesema miaka mingi. Nilikuwa nasema ujinga."

"Nimeshawapa masista neno langu. Nikilirudisha, nafasi atapewa mwingine. Na huko kwenye uuguzi wakimkataa?"

"Atakaa nyumbani bila kitu," Dresa alikiri. "Siwezi kukuahidi." Alizungusha kofia mikononi. "Katekista, mimi hapa kijijini nimezika watoto ambao sikuwahi kuwaona. Nasikia tu kilio, natoka, naambiwa alikuwa wa kiume, alikuwa wa kike. Dawa ninazo mimi. Mlangoni nabaki nje mimi. Hata wakinifungulia kesho, sijui cha kufanya ndani. Anayeweza kuingia akiwa anajua, simwoni mwingine."

Baba alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuulizwa. "Wewe unataka nini?"

Nilitaka kusema maneno marefu. Nikasema, "Nataka kuingia nikiwa najua."

Kesho yake baba alipanda baiskeli kwenda kwa masista kurudisha neno lake. Alirudi uso umemshuka, hakunieleza aliambiwa nini, nami sikuuliza. Nafasi yangu ya ualimu alipewa msichana mwingine.

Yalibaki maombi ya uuguzi, na hapo Dresa na mimi tukagombana. Kulikuwa na njia mbili. Kozi fupi ya wakunga wa vijijini, kwa Kiswahili, unamaliza unarudi kwenu. Na njia ndefu, ya miaka, kwa Kiingereza, uuguzi kwanza kisha ukunga, na baada yake unapangiwa kokote serikali itakapotaka. Mimi niliona jambo liko wazi.

"Niende ile fupi, Dresa. Ndiyo inayorudisha watu vijijini."

"Nenda ile ndefu."

"Lakini ni wewe uliyesema hapa hakuna wa kuingia..."

"Nimesema. Nenda ile ndefu."

Hakunieleza. Alinikasirisha sana. Nilijaza fomu ya ile ndefu nikiwa nimenuna, na miezi ya kungoja jibu nilifua bendeji bila kumsalimia vizuri. Hakujali. Alinifundisha kusoma kipimajoto, kusikiliza kifua, kuandika maelezo ya mgonjwa kwa mistari mitatu tu. "Daktari ana macho mawili," alisema. "Usimwandikie kitabu." Barua ya kukubaliwa ilipofika, aliisoma barazani mbele ya wagonjwa wote kwa sauti, kisha akaingia ndani na hakutoka kwa muda mrefu. Mkewe aliniambia baadaye kwamba alikuwa anapanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nilisoma. Haikuwa rahisi, Kiingereza kilinitoa jasho, lakini nilimaliza uuguzi na ukunga. Na kama nilivyojua tangu mwanzo, sikupangiwa Mpimbwe. Nilifanya kazi mbali, halafu miaka ya hamsini ikiwa inaelekea ukingoni nikaletwa hospitali Mpanda. Nyumbani nilikwenda likizo tu. Kila nilipokwenda nilipita zahanati kumsalimu Dresa, na kila nilipomwona niliona aibu, kwa maana mlango ule wa Mpimbwe ulikuwa bado hauna mtu, na mimi nilikuwa na cheti ukutani Mpanda.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ilikuwa Mpanda. Tulikuwa tunawasaili wanawake wa kozi fupi ya ukunga, na mimi nilikuwa mmoja wa waliouliza maswali. Asubuhi nilipofika nilimkuta Dresa amekaa kwenye benchi la baraza, amekonda, nywele zimeanza mvi, soksi ziko vilevile. Pembeni yake walikaa wanawake wawili wa Mpimbwe, watu wazima, kila mmoja na kifurushi. Walikuwa wamelala juu ya magunia ya mchele njia nzima.

"Shikamoo, Dresa."

"Marahaba, Nesi. Hawa nimekuletea. Wamefua ndoo zao. Usiwahurumie."

Nilimvuta kando. Nilikuwa nimelibeba jambo hilo kwa muda mrefu. Nikamwambia, "Dresa, mimi ndiye niliyetakiwa kurudi."

Alinitazama kama nimesema jambo la ajabu. "Nani alikuambia? Mimi nilikutuma ukasome. Kurudi sikukutuma." Halafu akaonyesha kwa kidevu chumba cha usaili, meza, viti, daktari anayepanga karatasi. "Ungerudi na kozi fupi ungekuwa mmoja, na siku ukiugua tusingekuwa na mtu. Mle ndani hakukuwa na mtu wa kwetu hata mmoja. Sasa yumo. Nenda, wanakungoja."

Mwanamke wa kwanza alijibu vizuri akapita. Wa pili aliitwa Felista. Alikuwa mwerevu, mikono yake ilijua inachofanya, alieleza namna ya kumshika mtoto mchanga vizuri kuliko wanafunzi niliokuwa nawafundisha wodini. Lakini tulipompa kipimajoto alishindwa kusoma namba, na tulipomwambia aandike alichokiona, penseli ilisimama. Nilijaribu kumpa muda. Nikamwongezea mwingine. Daktari alinitazama, nami nilijua lazima niseme. Nilimwambia mimi mwenyewe, kwa Kiswahili cha kwetu, kwamba safari hii hapana.

Nilitoka naye barazani. Alikaa sakafuni kando ya benchi, akajifunika uso kwa kanga na kulia. Alisema amemwacha mume amekasirika, amewaaga watu, atarudi na uso gani. Dresa alimwacha alie kidogo. Kisha akainama, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

"Mimi nilikwenda kusailiwa kozi kubwa ya utabibu. Walinirudisha. Hesabu za dawa zilinishinda."

Felista alishusha kanga. Mimi nilimgeukia. Miaka yote ile sikuwa nimelisikia hilo, wala mama, wala mtu yeyote Mpimbwe.

"Nikaenda tena," Dresa aliendelea. "Wakanirudisha tena, kwa hesabu zilezile. Nilirudi kwa njia ya porini ili watu wasinione."

"Na mara ya tatu?" Felista aliuliza.

"Ya tatu sikwenda." Alisimama, akajipangusa vumbi kwenye kaptula. Lori la kurudi lilikuwa limeshawashwa barabarani, na kule zahanati wagonjwa walikuwa wanamsubiri tangu juzi. Alichukua kifurushi cha Felista akakibeba mwenyewe. "Wewe utakwenda. Tunaanza na namba, leo hii, mle ndani ya lori. Njoo."